Ng'ombe wa Bwana X

Tuseme ukweli tangu mwanzo ili msije mkaniona shujaa katikati ya habari hii: mwenye makosa ni mimi. Nimeaibika mbele ya mkuu wa chuo, mbele ya wageni wawili kutoka Dodoma wenye mafaili, mbele ya wanafunzi ukumbi mzima na mama wa kantini aliyekuwa ameleta chai, na walioniaibisha hawakunikosea hata kidogo, walikuwa wananitii. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mwanafunzi akikudharau unampeleka kamati ya nidhamu, lakini aliyekufanyia kila ulichomwagiza, kwa wakati, kwa usafi, na picha akaambatanisha, huyo utampeleka wapi?

Naitwa Elias, nafundisha afya ya mifugo katika chuo kimoja pembezoni mwa Kahama (jina la chuo nitalihifadhi, chuo hakina hatia). Kwetu ni Runzewe, baba yangu alikuwa fundi baiskeli, na ng'ombe wa kwanza kumgusa kwa mkono wangu nilikuwa na miaka ishirini na moja, tayari nipo chuoni, nimevaa glovu. Huku Usukumani mtoto anayechunga anamtazama ng'ombe akishuka bondeni anakwambia huyo ana mimba ya miezi minne, mimi namtazama yuleyule naona ng'ombe. Ila kitabu nakijua, jamani, kitabu nakijua mpaka tanbihi, na koti langu jeupe lina jina langu limedariziwa mfukoni kwa uzi wa bluu.

Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kumpenda Kabula, mwalimu wa hesabu wa sekondari moja pale Kagongwa, binti wa Mzee Nkwabi. Mzee Nkwabi anafuga ng'ombe ng'ambo ya Isaka, na ukanda wote ule anajulikana kwa jicho lake, watu wakitaka kununua dume la mbegu wanamfuata kwanza aje alitazame. Posa alipoikubali alisema neno moja tu kuhusu mahari, akamwambia mshenga wangu: "Kumi na wawili. Na wawe wa kusimama wenyewe, nisiletewe wa kuegemezwa." Na mnajua utaratibu ulivyo, siku ya kupeleka mahari wazee wanakaa kando ya zizi na fimbo zao, ng'ombe wanapitishwa mmoja mmoja, na yule wasiyemtaka anarudishwa palepale mbele ya watu wote, naye anarudi na jina la ukoo wako mgongoni.

Kabula, ambaye ana akili kuliko mimi (hili nalisema bila kulazimishwa), alinishauri mapema. "Mwambie baba akusindikize mnadani akuchagulie. Atafurahi sana." Nikamwangalia kama mtu aliyetukanwa. Mimi? Daktari wa mifugo? Niende kumwomba baba mkwe anichagulie ng'ombe wa kumpelekea yeye mwenyewe? Nikaenda mnadani peke yangu, nikakutana na dalali mmoja mwenye kofia ya kombati aliyeniita daktari tangu salamu. "Daktari, wewe tena nikwambie nini! Daktari, macho yako ndiyo kipimo! Daktari, mtazame mwenyewe huyu mwenye baka." Kila nilipotaka kuuliza swali ananiita daktari, na daktari haulizi, basi mpaka jua linageuka nilikuwa na ng'ombe wangu kumi na wawili, nimejaa majivuno mpaka shingoni.

Niliwaweka Kagongwa kwa rafiki yangu Shija, fundi wa pampu za maji, ambaye ana zizi nyuma ya nyumba na ndiye aliyekuwa huyo mshenga wangu. Wiki mbili hazijaisha Shija akaanza kunipigia simu. Wanne wamekonda. Mmoja anakohoa. Dume limesimama kama linamsubiri mtu. Mimi namjibu watazoea, ni ugeni tu, kana kwamba ng'ombe wamehamishwa kikazi.

Katikati ya hayo ndipo chuo kiliponipeleka Morogoro kwenye mafunzo ya siku tatu ya njia mpya ya kufundisha. Njia yenyewe ni nzuri, nisiisingizie. Mwalimu hasimami mbele kumwaga somo, anawapa wanafunzi tatizo la kweli limeandikwa kwenye karatasi, tatizo ambalo halijasafishwa, nao wanakaa kwa makundi wanajiuliza tunajua nini, hatujui nini, na tusichokijua tutakipata kwa nani, kisha wanatoka kwenda kukitafuta. Mwalimu haitwi tena mwalimu, anaitwa mwezeshaji, na akiulizwa swali halijibu, analirudisha kwa kundi. Wanafunzi wangu wanaiita pibieli, kwa herufi za jina lake la Kiingereza. Nilirudi na cheti, fulana, bunda la karatasi za rangi za kubandika ukutani, na imani moja kubwa kwamba sasa nimepata njia ya kufundisha bila kuandaa somo. (Yule mama aliyetufundisha alisisitiza kwamba kuandaa tatizo zuri ni kazi kuliko kuandaa mihadhara kumi. Aliyasema hayo saa nne wakati wa chai, mimi nikiwa kwenye foleni ya sambusa.)

Mkuu wa chuo akatangaza kwamba baada ya wiki tano wageni watakuja kutoka Dodoma kuona njia hiyo inavyofanya kazi, kila mwalimu alete tatizo Jumatatu asubuhi. Jumapili mchana nimekaa mezani na karatasi nyeupe, sina tatizo, yaani kichwani sina hata mbuzi mwenye upele, mara simu ya Shija: "Yule mwenye baka ametupa mimba." Nikamwambia ni joto. Akauliza joto gani linatoa ndama tumboni, nikamwambia joto kali. Nikakata simu, nikaitazama simu, nikaitazama karatasi. Ndugu zangu, pale ndipo nilipojiona mjanja kuliko shetani. Nina tatizo la kweli, halijasafishwa, na nina vijana tisa wa mwaka wa tatu wenye vifaa vya chuo na dawa za chuo. Nikaandika kwa dakika ishirini bila kuinua kalamu.

"Bwana X amenunua ng'ombe kumi na wawili mnadani. Baada ya wiki tano watakaguliwa na wazee wenye macho makali. Wanne wamekonda, mmoja anakohoa, jike lenye baka jeupe limetupa mimba pengine kwa sababu ya joto kali, na dume lina mgongo usioridhisha. Bwana X amesikia kwamba ng'ombe akilambishwa chumvi nyingi halafu akapelekwa majini atanywa mpaka aonekane ameshiba. Tathmini wazo hilo. Msaidie Bwana X." Ukurasa wa pili nikaeleza kila ng'ombe na rangi yake na kasoro yake, kwa ufasaha ambao sikuwahi kuutumia kwenye mhadhara wowote.

Karatasi ile ikaangukia kundi la tatu, na kiongozi wa kundi la tatu alikuwa Minza, binti mmoja mfupi kutoka Bukombe, sauti yake ya chini sana, daftari lake nene kama la karani wa kanisa. Kama ningekuwa na bahati angekuwa mvivu. Alisoma karatasi yote, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, Bwana X ni nani?"

"Ninyi mnadhani ni nani?" nikamjibu, kwa sauti ile ya Morogoro.

Akaandika. "Tunaweza kwenda kuwaona hao ng'ombe?"

Hapo ningeweza kusema hapana, ni ng'ombe wa kubuni, tukamaliza. Lakini niliwaza dawa ya minyoo. Nikasema ni ng'ombe wa rafiki yangu mmoja, wamehifadhiwa kwa Shija Kagongwa, nendeni. Na walikwenda, tena na mabuti na bomba la kunyunyizia kupe, wakawapa dawa ya minyoo, wakamtenga anayekohoa, wakatoa damu kwenye chupa ndogo zenye lebo ili zikapimwe, wakawapiga picha kila mmoja kwa pande zote kama wanaenda kutengenezewa hati za kusafiria. Nilipokwenda kutazama wiki ya tatu ng'ombe wamebadilika, ngozi inateleza, nikasimama kwenye geti la zizi nimejishika kiuno. Kabula aliponiuliza kama nimewapima nikamwambia kwa madaha, "Wanaangaliwa na timu." Akauliza timu gani. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Minza alirudi na swali lingine. "Mwalimu, sisi tunajua ng'ombe mwenye afya. Lakini mzee mkaguzi anaangalia nini? Kwenye vitabu hakuna."

"Nani anaweza kujua?" nikamrudishia.

"Wafugaji wenyewe."

"Basi mnangoja nini?" Nikajisikia mwezeshaji kamili, kidogo nijipigie makofi. Sikuuliza wanakwenda kwa mfugaji gani. Wiki iliyofuata akaniletea fomu ya kumwalika mdau mmoja kwenye siku ya wageni, nikiwa natoka kikao naingia kikao, nikaisaini nimeiegemeza ukutani bila kuisoma. Jina lilikuwa limeandikwa humo kwa herufi kubwa. Mimi ninayewaambia wanafunzi kila mwaka wasome maelekezo kabla ya kujibu.

Siku ikafika. Nimevaa suti, wageni wa Dodoma wamekaa mbele, projekta inawaka, mkuu anatabasamu, mlango ukafunguliwa na Minza akaingia akimwongoza taratibu mzee mmoja mwenye koti la kaki na kofia ya pama na fimbo. Miguu yangu ilijua kabla ya kichwa. Mzee Nkwabi akasimama katikati ya ukumbi, akanitafuta kwa macho, akaniona, uso wake wote ukafunguka.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mkwilima." (Ndivyo wanavyomwita mkwe wa kiume huku.) Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Kumbe ni shule yako! Watoto hawakuniambia mwalimu wao ni nani, lakini nimejua, nani mwingine angenikumbuka? Nina wakwe wanne, hakuna aliyewahi kuniita nifundishe chuo. Wabeja sana, asante. Wabeja."

Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amepiga koti pasi, mistari inaonekana. Nikatamani sakafu ipasuke, lakini ilikuwa ya marumaru mpya, mkuu alikuwa anajivunia sana.

Nikamkimbilia mkuu, nikamnong'oneza kwamba kundi la tatu liwe la mwisho, nikihesabu kwamba muda utaisha na chai itaokoa maisha yangu. Mkuu akasema kwa sauti, mtu mwema yule, "Hapana, tuanze na hao, mzee wetu ametoka mbali." Ukumbi ukapiga makofi. Mzee akainua kofia.

Minza akapanda mbele. Akasoma tatizo lote kwa ile sauti yake ya chini, halafu akasema kundi lilianza kwa kumfahamu mwenye tatizo. "Bwana X ni mtu mwenye elimu ambaye hajui ng'ombe," akasema. "Tumelijua hilo kwa sababu anadhani joto ndilo limetoa mimba. Tena ni mtu mwenye kiburi, maana amenunua ng'ombe kumi na wawili bila kumshirikisha mfugaji hata mmoja." Watu wakacheka. Mgeni wa Dodoma mwenye miwani akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Nami nikacheka, ungefanyaje, nikacheka kwa meno yote huku jasho linashuka mpaka kwenye soksi.

Akaja kwenye chumvi. Akaeleza wazo la Bwana X, akasema kundi halikutaka kulihukumu bila kuuliza anayejua, akamgeukia mzee. Mzee Nkwabi akajibu akiwa palepale kitini. "Huo ni utapeli wa madalali. Tumbo linajaa maji, mgongo unabaki vilevile. Mimi tumbo siangalii, naangalia mgongo na jicho. Huyo Bwana X akiniletea ng'ombe wa maji nawaacha wakojoe kwanza, halafu ndiyo tunaongea." Ukumbi uliangua kicheko, wanafunzi wanapiga meza, na mimi nikasema kwenye kipaza sauti, sijui kwa nini, "Asante sana mzee wetu kwa mchango huo." Nikajaribu kuongeza kwamba muda wa kundi umekwisha.

"Mwalimu," akasema Minza kwa adabu zote, "ulisema mwezeshaji haingilii."

Wageni wakatikisa vichwa tena. Wakaandika tena.

Ndipo zilipoanza kupita picha. Wa kwanza, wa pili, dume, anayekohoa. Ilipotokea ya jike lenye baka Mzee Nkwabi akanyanyuka. Hakuomba ruhusa, akatembea na fimbo yake mpaka ukutani, picha ya ng'ombe ikamwangukia yeye mwenyewe kwenye koti, akanyoosha kidole akagusa pale kwenye sikio.

"Hili sikio nimelichana mimi," akasema. "Huyu amezaliwa kwangu. Mama yake nilimzalisha kwa mkono huu. Huyu mwenyewe ametupa mimba mara mbili, nikamtoa, nikampeleka mnadani."

Minza akafungua daftari. "Babu, ulimpima kabla ya kumuuza?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee akihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Nilimwambia dalali ni wa nyama," akasema.

"Dalali hakumwambia Bwana X," Minza akasema, bila ubaya wowote, akaandika. Kisha akaeleza kwamba majibu ya damu yametoka, jike hilo lina ugonjwa wa kutupa mimba, ule unaoweza kumpata hata binadamu, na kwamba mimba iliyotoka iliachwa zizini siku nzima kwa sababu mwenye ng'ombe aliambiwa kwa simu akasema ni joto, na sasa wengine watatu nao wameonyesha dalili kwenye kipimo. Wote wanne waondolewe, wasiuzwe kwa mtu wa kufuga. Hapo nilisahau hata aibu, nikaanza kuhesabu kichwani ni ng'ombe wangapi wamebaki, mimi niliyefundisha ugonjwa huo kwa saa sita mwaka uleule na kuutungia swali la mtihani.

"Na huyu Bwana X," mzee akauliza, nadhani kwa kutaka kuondoa lile jambo la dalali, "alikuwa anawapeleka wapi?"

"Hakuandika, babu. Lakini ni kumi na wawili, na wanakaguliwa na wazee, kwa hiyo kundi limehitimisha ni mahari."

Mzee Nkwabi alicheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akatoa kitambaa akafuta macho. "Yaani mimi namtupa mgonjwa, mtu anamwokota, anampa chumvi, anampeleka kwa heshima zote kwa mzee wa watu! Maskini ya Mungu! Baba gani huyo mwenye bahati mbaya hivyo?" Na ukumbi mzima pamoja naye, wageni, mkuu, mama wa kantini. "Haya, na wako kwenye zizi la nani hao?"

"La bwana Shija, fundi pampu, Kagongwa."

Kicheko kilimkatikia mdomoni. Shija ndiye aliyekaa kwenye kigoda cha mzee, akanywa maziwa ya mzee, siku alipoleta posa yangu. Mzee akalitazama lile baka ukutani, kisha taratibu, kama mtu anayegeuza gogo, akageuka kunitazama mimi. Watu walikuwa bado wanacheka.

Mkuu wa chuo, yule mtu mwema, akashika kipaza sauti cha pili. "Mwalimu Elias, hebu tusaidie. Huyo rafiki yako Bwana X ni nani? Tungependa kumshukuru kwa kutupatia tatizo."

Sasa sikilizeni upumbavu wa mdomo uliozoea. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli kama mwanaume, au ya kuanguka nizimie, vyote vingekubalika. Mimi nikasema, "Ninyi mnadhani ni nani?"

Minza akaangalia chini, akainua uso. "Mwalimu, kundi tunajua tangu wiki ya pili. Bwana Shija alituambia siku ya kwanza tulipofika zizini. Tulidhani umefanya makusudi, ili tujifunze kusema ukweli hata mbele ya mwenye tatizo." Akamgeukia mzee. "Mahari tulijua. Ila ilikokuwa inapelekwa hatukujua, babu. Tusamehe."

Niwaambie jambo moja la kuchekesha, kama mna nguvu. Taarifa ya wageni ilipokuja ilikisifu chuo chetu kwa kutumia tatizo halisi na kwa ujasiri wa mwezeshaji kujiweka mwenyewe katika somo. Mkuu ameibandika ofisini. Kundi la tatu walipata alama za juu kabisa, nilizitia saini mwenyewe, safari hii nikasoma kwanza.

Mzee Nkwabi hakungoja chai. Nilimfuata mpaka getini nikitafuta neno, namwita baba, baba, naye anatembea tu, mpaka alipofika barabarani akasimama. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. "Ningekuja mnadani na wewe," akasema. "Ungeniita tu." Akatazama mistari ya pasi kwenye koti lake. "Leo nilidhani umeniita." Basi. Akapanda bodaboda akaenda zake, na siku mbili baadaye akatuma ujumbe kwa Shija, kwamba wale wanne wachinjwe kwa utaratibu mbele ya bwana mifugo, na gharama ya yule mwenye baka ni yake, kwa sababu alijua alichokuwa anakiuza. Kwa wanane waliobaki hakusema ndiyo wala hapana. Alisema Kabula atasema.

Kabula hakunipigia siku tatu wala hakupokea. Siku ya nne nilikwenda shuleni kwake Kagongwa baada ya vipindi, nikamkuta darasani peke yake anafuta ubao. Mezani kuna ile karatasi yangu ya kurasa mbili, baba yake alipewa nakala ukumbini kama wageni wengine. Nikaanza hotuba niliyoiandaa, kwamba nimemkosea mzee, nimemdanganya, nitakwenda kumwangukia miguuni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapangusa chaki mikononi.

"Baba hasira zitamwisha, yeye mwenyewe aliuza mgonjwa," akasema. "Mimi nimeisoma karatasi yako mara mbili. Ng'ombe mwenye baka yumo. Anayekohoa yumo. Dume umelipa mistari mitatu. Wazee wenye macho makali wamo. Mimi nipo mstari wa ngapi?"

Nikaichukua karatasi. Nikaisoma, jamani, kweli nikaisoma tangu juu, kana kwamba huenda kuna mahali. Nikaanza kumweleza kwamba tatizo lililoandikwa vizuri huwa fupi, halitaji kila mhusika, ndivyo tulivyofundishwa. Nilijisikia nikiyasema hayo na sikuweza kujizuia. Kabula akaikunja karatasi mara nne, akanitilia kwenye mfuko wa shati, akasema, "Siku utakayoniandika, njoo," akachukua mkoba wake akatoka.

Bado nafundisha kwa njia ile, na inafundisha kweli, nimeapa tu kwamba sitachukua tena shida yangu nikaivisha jina la mtu nikawapa watoto wa watu waibebe. Ng'ombe wanane wapo, wamenenepa bila chumvi, na Mzee Nkwabi alipita kwa Shija wiki iliyopita akawatazama migongo akaondoka bila neno, jambo ambalo Shija anasema kwake ni sifa. Ila Kabula ni mwezi wa pili sasa hatujazungumza. Nimeshaandika karatasi sita na kuzichana, maana kila nikianza najikuta naeleza ng'ombe. Jumamosi hii nakwenda Kagongwa mikono mitupu, na sijui nitaanza na neno gani.